Mama wa Busia Anauliza: Bastola Ndogo Gani Vidole Vyangu Vitaiweza?

SWALI

Mzee wa Shabaha, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 54, niko Busia upande wetu wa Uganda, nina duka la jumla, mchele, mafuta, sukari, na pembeni tunafanya mobaili mani. Mwaka jana jirani yangu walimfuata kutoka dukani mpaka geti la nyumbani kwake, wakachukua sente zote na mkono wakamvunja. Mimi nyumbani nakaa na watoto watatu wa marehemu dada yangu, mwanaume hakuna. Nikaona nishughulikie kibali. LC1, mwenyekiti wa kijiji, ameandika barua, kwa DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, nimefika, nimeulizwa maswali mpaka nikasahau jina la bibi yangu, sasa naambiwa mambo yanakwenda vizuri nianze kufikiria nitataka bastola ya aina gani.

Shida yangu vidole. Nina baridi yabisi, asubuhi hata kifuniko cha chupa ya maji kinanishinda. Shemeji yangu aliyekuwa jeshini alinionyesha yake, akatoa risasi zote, akaniambia vuta hii ya juu irudi nyuma. Mzee, nilivuta mpaka jasho likatoka, haikusogea, wakacheka. Muuzaji mmoja Kampala anasema nichukue ile ndogo kabisa inayotosha kiganjani, ati ndo ya kina mama. Shemeji anasema nichukue rivolva maana haina kuvuta. Kaka yangu anasema bastola si mambo ya wanawake. Nimsikilize nani?

Mama Vidole, Busia

JIBU

Marahaba mama, na pole kwa jirani. Kaka yako tumuache, yeye hakufuatwa mpaka getini. Muuzaji usimsikilize kabisa. Shemeji msikilize nusu, nitakuambia nusu gani.

Nianze na huyo muuzaji maana hiyo ya "bastola ndogo ya kina mama" nimeisikia miaka yote niliyokaa kwenye uwanja wa shabaha na imewaumiza watu wengi vidole na wengine imewafanya waichukie bastola siku ya kwanza tu wakaifungia kabatini. Mtu anaona kitu kidogo anadhani ni rahisi. Kwa bastola mambo yako kinyume. Ndogo ni rahisi kubeba na kuficha, hapo tu, ukija kwenye kuikoki (kurudisha ile ya juu nyuma) na kuipiga ndogo ndo ngumu.

Sababu iko ndani. Chini ya mtutu kuna springi. Risasi ikitoka, slaidi, yaani hiyo "ya juu" iliyokutoa jasho, inarushwa nyuma kwa nguvu, springi inaipokea na kuirudisha mbele ikiwa imebeba risasi nyingine. Slaidi ikiwa ndefu na nzito, uzito wake wenyewe unapunguza ile kasi na springi inaweza kuwa laini kiasi. Wakiikata ikawa fupi na nyepesi, kazi yote inaangukia springi, kwa hiyo wanaweka springi ngumu, na sehemu ya kushika nayo imebaki ndogo kama sabuni iliyokwisha. Halafu kishindo. Risasi ni ileile, bastola nyepesi ndo inakurukia zaidi mkononi. Mfano Glock 19, hii ya Austria, inapimwa kama gramu 600 ikiwa tupu na inakaa risasi 15, mkono mzima unaishika. Ndugu yake mdogo Glock 43 iliyotoka 2015 ni nyembamba, risasi 6, inaingia mfukoni vizuri kabisa, ila mpe mtu mwenye mikono kama yako apige zote mbili halafu muulize ipi anaitaka tena. Mimi nimeuliza wengi. Jibu ni lile kubwa karibu kila mara.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi, labda hawalijui. Bastola nyingi za zamani zinazotumia risasi fupi ya .380 (namba hizi ni kipimo cha unene wa risasi), mfano Walther PPK ya Ujerumani iliyotoka 1931, mtutu wake haufungani na slaidi. Kinachozuia slaidi isifunguke mapema ni uzito wake na springi basi, kwa hiyo springi lazima iwe ngumu. Unakuta mtu amenunua .380 kwa sababu ameambiwa ni risasi "ndogo ndogo", akifika nyumbani kuikoki hawezi, na bastola ya milimita 9 ya kisasa ya ukubwa wa kati anaikoki, anashangaa. Hii ya kisasa nyingi zinatumia mtindo wa Mmarekani John Browning, mtutu na slaidi vinashikana kwanza, vinarudi nyuma pamoja kidogo, mtutu unainama, ndo vinaachana. Springi haihitaji kubeba mzigo wote. Kwa hiyo ukiambiwa "hii risasi yake ndogo", jibu lako liwe, sawa, nipe niikoki kwanza.

Sasa kabla hatujataja majina ya bastola, turudi kwa shemeji na kicheko chake. Alikuambia *vuta*. Kosa lilianzia hapo, mikono yako haina hatia. Ukivuta unatumia vidole viwili vya mkono wa kushoto, tena ncha, na ncha ndo zenye ugonjwa. Wewe sukuma.

Fanya hivi, bastola ikiwa tupu, magazini (kile kikebe cha risasi) imetolewa, chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, imeangaliwa kwa macho na kuguswa kwa kidole, na kuna mtu anayejua kazi amesimama karibu. Shika kitako kwa mkono wa kulia, kidole cha triga kinyooke pembeni juu ya triga, kisiingie. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu unaangalia mbele kwenye shabaha. Kiganja cha kushoto kifunike slaidi kwa nyuma, vidole vinne upande mmoja, nyama ya chini ya dole gumba upande mwingine, ushikilie kama unavyoshika rungu. Halafu huo mkono wa kushoto usiende popote, ubaki hapohapo umeng'ang'ania, wa kulia ndo usukume mbele kwa bega na mwili, kama unavyosukuma mlango wa duka uliovimba kwa mvua. Ikifika mwisho iachie ghafla. Usiisindikize, ukiisindikiza taratibu haifungi vizuri na risasi inakwama.

Tahadhari moja, na hii nimeiona mpaka kwa maafande. Mtu mwenye mkono dhaifu akitafuta nguvu anaigeuza bastola ilale pembeni mbele ya tumbo, sasa mtutu unamuangalia jirani yake wa kushoto. Ukitaka nguvu ya mwili geuza miguu na mabega yako, mtutu ubaki palepale mbele.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mwalimu mstaafu, mama mwembamba, miaka sitini na kitu. Alikuja akiwa ameshashindwa bastola mbili na alikuwa amejiandaa kushindwa ya tatu, uso ulikuwa unasema hivyo. Tulikaa kwenye hiyo ya kusukuma kama nusu saa tu, na ileile bastola iliyomshinda akaikoki mara kumi mfululizo, mara ya kumi na moja akaniambia afande hii kumbe ni kama kusukuma toroli la matope. Kwa hiyo nusu ya shida yako inaweza kuisha bila kununua chochote.

Nusu iliyobaki ndo ya kuchagua.

Smith & Wesson wa Marekani walitoa mwaka 2018 bastola inayoitwa M&P 380 Shield EZ, hizo herufi mbili za mwisho ukizitamka kwa Kiingereza unasikia neno la rahisi, na kwa kweli hawakudanganya. Ni ya risasi ya .380 ila ina ule mtindo wa Browning niliousema, na springi laini, slaidi ina masikio kwa nyuma ya kushikia. Inakaa risasi 8 na uzito unazidi nusu kilo kidogo tu. Kinachonifurahisha zaidi kwa mtu kama wewe ni magazini yake, ina vibonye pembeni vya kushusha chini springi ya ndani unapoingiza risasi, dole gumba halitoki machozi. Kasoro yake: nyuma ya kitako kuna sefti, yaani kizuizi cha usalama, inayobanwa na kiganja, usiposhika vizuri haifyatuki, na siku vidole vimevimba unaweza kushika legelege. Ijaribu kwa hilo hasa. Ipo na ndugu yake ya milimita 9 iliyotoka 2020, nayo nzuri, ila zile zilizotengenezwa kati ya 1 Machi na 31 Oktoba mwaka huohuo kiwanda chenyewe kiliziita zirudi zikaguliwe hama, ile nyundo ya kulipua risasi, kwa hiyo ukionyeshwa yoyote ya zamani zamani kidogo omba namba yake ihakikiwe kwanza.

Kama hiyo haipatikani au risasi za .380 zinasumbua kupatikana, na hili uliulize kabla, maana milimita 9 ndo risasi ya bastola inayotumika zaidi ulimwenguni na bastola bila risasi za kufanyia mazoezi ni chuma tu, basi mimi ningekupeleka kwenye milimita 9 ya ukubwa wa kati, Glock 19 au ya saizi hiyo. Ndiyo, ni kubwa kuliko aliyokuonyesha muuzaji. Lakini wewe mama hutaki kuificha kwenye soksi, unataka iwe nyumbani usiku na dukani mkifunga. Haina sefti ya kubonyeza pembeni, haina hama ya kushusha, unakoki, unalenga, unabonyeza triga. Uchache huo wa mambo ndo urahisi. Ila maana yake pia kidole kikiingia kwenye triga kabla ya wakati hakuna kitu cha kukuokoa, lazima ikae kwenye hosta, yaani mfuko wa bastola, ngumu inayofunika triga yote.

Beretta ya Italia nao wana bastola ndogo, Tomcat ya risasi ya .32, ambayo mtutu wake unainuka kwa nyuma kama kifuniko cha sanduku. Unasukuma kishikizo cha pembeni, mtutu unainuka, unaweka risasi moja kwa mkono, unafunga, hujagusa slaidi. Ukisikia hivyo unaona ndo umepona. Polepole. Tomcat haina kile kijino cha kuvuta ganda la risasi, risasi ikigoma kulipuka lazima ufungue mtutu uitoe kwa vidole, na usiku, na mikono inatetemeka, hiyo kazi si ndogo. Kwa mtu ambaye kweli kabisa slaidi imemshinda hata kwa kusukuma, sawa. Wewe bado hatujafika huko.

Sasa shemeji na rivolva yake. Hapa ndo nusu. Ni kweli haina slaidi, unafungua silinda, lile gurudumu la matundu ya risasi, unaweka risasi, unafunga, ukitazama unaona kama imejaa au haina kitu, na haikwami kwa sababu mkono umelegea. Ila shemeji hakukuambia habari ya triga. Rivolva ndogo kama Smith & Wesson 642 ya risasi tano, kila ukibonyeza triga kidole chako ndo kinazungusha silinda na kurudisha hama nyuma, na uzito wa kuibonyeza hiyo triga unazidi kilo tano. Chukua jerikani ndogo ya lita tano, ijaze maji, iinyanyue kwa kidole kimoja cha shahada, ncha ya kidole. Mara tano. Hiyo ndo rivolva. Triga ya Glock ni kama nusu ya jerikani hiyo. Tena 642 ina gramu kama 410 tu kwa hiyo risasi ya .38 inapotoka inakupiga kiganjani kwenye mfupa haswa. Nimeona wanaume wenye mikono ya kubeba magunia wakipiga tano wanaiweka mezani wanasugua mkono. Kuna watakaokuambia basi chukua rivolva ya .22 haina kishindo. Kweli haina, lakini risasi za .22 zinagoma kulipuka mara nyingi kuliko zingine, na ili zilipuke hama inatakiwa igonge kwa nguvu, kwa hiyo triga yake mara nyingi inakuwa ngumu kuliko ya .38. Umekimbia mvua umeingia mtoni.

Kwa hiyo mama, wewe una shida ya vidole na si ya bega, bastola ya slaidi laini na triga nyepesi ndo yako, si kinyume chake.

Kuhusu kujaribu. Usitoe sente kabla ya kujaribu, na usijaribu saa nane mchana baada ya chai wakati viungo vimeshalainika, nenda asubuhi, saa ile ambayo chupa ya maji inakushinda. Maana wezi hawatauliza vidole vyako vimeamkaje. Ikiwa tupu, ikoki mara kumi. Kama ya saba na ya nane umeanza kubadilisha mkono, hiyo si yako. Angalia ukishika kitako vizuri ncha ya kidole inafika katikati ya triga bila kuzungusha mkono. Angalia kile kishikizo kidogo cha pembeni cha kushikilia slaidi ibaki nyuma, dole gumba linakifikia? Kibonye cha kutoa magazini je? Jaza magazini mwenyewe mpaka mwisho, usikubali mtu akusaidie. Hii watu wanaisahau kabisa, mtu anaikoki bastola vizuri halafu risasi ya tano kwenye magazini dole gumba limekataa. Dawa ipo, kuna kifaa cha plastiki kinaitwa UpLULA, kinatengenezwa Israeli, unabana tu risasi zinaingia, kikipatikana kinunue siku hiyohiyo.

Halafu uipige. Uwanja wa shabaha unaoruhusiwa na polisi, mwalimu amesimama nyuma yako, vizuia masikio, miwani, na usipige tano ukaondoka, piga hamsini. Hapo ndo utagundua kama kifundo cha mkono kinalegea. Kikilegea bastola ya slaidi inarudi nyuma pamoja na mkono wako, springi haipati pa kujisukumia, ganda linasimama mlangoni nusu ndani nusu nje. Si ubovu wa bastola, ni mkono, na unafundishika. Ikiwa baada ya hamsini vidole vinauma mpaka kesho yake, iache hata kama ni nzuri, maana hutarudi kufanya mazoezi na ninakujua.

Kwenye makaratasi, sheria yetu ya silaha ni ya mwaka 1970, na kibali ni chako wewe kwa jina lako kwa bastola ile na idadi ile ya risasi, si kibali cha kununua chochote unachokutana nacho. Ndo maana nasema chagua kabla karatasi halijaandikwa, kubadilisha baadaye ni kuanza safari upya. Kibali kinafanywa upya kila mwaka. Na bastola yenyewe inachukuliwa alama zake, hili lilikuja kwa nguvu mwaka 2018 baada ya mheshimiwa mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa kule Matugga mwezi wa sita, Rais Museveni akasema bunduki zote zichukuliwe alama kama watu wanavyochukuliwa vidole. Mtutu unaacha mikwaruzo yake kwenye risasi. Kwa hiyo bastola yako ukimwazima shemeji "siku moja tu", ikifanya kitu, mikwaruzo itakuja kukutafuta wewe Busia.

Pa kuiweka. Kwenye mkoba hapana, nakuomba. Mkoba ndo kitu cha kwanza kinachonyakuliwa, na jamaa wa boda akipita nao hujapoteza sente tu, umempa silaha. Ukitembea nayo ikae mwilini, kiunoni, hosta ngumu. Ukiwa nyumbani kuna watoto watatu, basi sanduku la chuma la kufuli lililobanwa ukutani kwa bolti, chumbani kwako, funguo shingoni mwako au la kubonyeza namba. Juu ya kabati si pa kuficha, watoto wanajua kila kitu kilicho juu ya kabati, we ulipokuwa mtoto hukujua?

Na nikuambie ukweli mmoja ambao haukuulizwa. Jirani yako walimfuata mpaka getini. Pale getini, mtu ameshakutolea panga au bunduki na wewe uko kwenye gari au miguu iko kwenye boda, bastola iliyo kiunoni haina nafasi kubwa, ukiitafuta wanakumaliza. Inakufaa zaidi pale umeshaingia ndani, umefunga, watoto wako nyuma yako na mtu anavunja mlango. Kwa hiyo ya getini ishughulikie kwa njia nyingine: usifunge duka saa ileile kila siku, sente za mobaili mani zisitembee na wewe usiku, taa iwekwe getini, na geti lifunguliwe na mtu wa ndani kabla hujafika. Sheria ya kujitetea kwenye Penal Code yetu, ile sheria ya makosa ya jinai, nayo inapima nguvu uliyotumia dhidi ya hatari iliyokuwepo wakati ule. Mwizi anayekimbia na gunia la sukari akiwa amekupa mgongo si hatari kwa maisha yako, ukimpiga risasi ya mgongo wewe ndo utakuwa mshtakiwa. Gunia liache liende.

Ukishapata, niandikie uliishia na ipi. Na umwambie shemeji aje naye ajaribu hiyo ya kusukuma, nina hakika na yeye anavuta.

SWALI

Mzee habari. Mimi niko Koboko, nauza vipuri vya pikipiki. Kuna jamaa ananiletea bastola kutoka ng'ambo ya mpaka, ndogo nzuri inatosha mfukoni, anataka milioni moja na nusu na risasi anaongeza bure. Kibali najua kinasumbua na kinachukua muda. Nilitaka tu unielekeze niikague vipi nijue ni nzima, springi na nini, nisije nikauziwa takataka.

Kijana wa Vipuri

JIBU

Sitakuelekeza. Na wewe wa vipuri unajua vizuri maana ya pikipiki nzuri inayouzwa nusu bei bila kadi, umeshakataa ngapi za namna hiyo? Hii ni ileile ila ya kwenda jela. Kuwa nayo bila kibali peke yake ni kosa chini ya ile sheria ya 1970, hata kama hujaigusa, hata kama iko chini ya godoro tu.

Na hujui ilikotoka. Nchi zetu za ukanda huu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 kwamba silaha zitiwe alama na zifuatiliwe, kwa hiyo ile ambayo namba yake imesuguliwa kwa tupa, mtu aliisugua kwa sababu. Inaweza kuwa imeua mtu Arua, imeua mtu Yei, imeua mtu Aru. Siku polisi wakiikuta kwako na ganda lake likalingana na ganda lililookotwa kando ya maiti, utawaeleza nini? Kwamba ulinunua kwa jamaa? Jamaa gani? Huyo hatakuwepo.

Huyo jamaa mwambie huna sente. Usimwambie unafikiria, maana atarudi.

SWALI

Shikamoo mzee. Mume wangu alifariki miezi minne iliyopita. Alikuwa na bastola ya kibali, kila kitu halali, alikuwa mfanyabiashara. Sasa iko kwenye kabati la chumba, mimi sijawahi kuishika na naiogopa, hata kufagia upande ule nimeacha. Wanangu wakubwa wanasema ibaki maana ni mali ya baba. Nifanyeje? Naweza kuendelea nayo kwa kibali chake mpaka kiishe?

Mjane, Mbale

JIBU

Marahaba, na pole sana mama. Huwezi. Kibali kilikuwa cha mtu, si cha familia, na huyo mtu hayupo tena. Nyumba na gari vijana watagawana, hii haigawanywi. Miezi minne tayari ni mingi, usisubiri wa tano.

Usiishike na usimtume kijana aipeleke. Nimewahi kuona mtoto wa marehemu amepanda taksi na bastola ya baba yake kwenye kavera la plastiki, anaipeleka kituoni kwa nia safi kabisa, wakamkagua njiani, tulihangaika siku tatu kumtoa. Nenda wewe mwenyewe mikono mitupu ofisi ya DPC, beba kibali cha marehemu na cheti cha kifo, waambie bastola iko nyumbani mahali fulani, hujaigusa, waje waichukue. Wakija simama pembeni uwaache wao waitoe risasi. Kabla hawajaondoka hakikisha umeandikiwa karatasi yenye namba ya bastola, idadi ya risasi, jina la afande, tarehe na muhuri, halafu ulinganishe hiyo namba na ile iliyo kwenye kibali, herufi kwa herufi. Piga kopi mbili, moja mpe mtoto mkubwa aweke. Kama kuna mmoja wa vijana anataka kweli bastola, aanze yake mwanzo kabisa kwa LC1 kama wengine.

Na kabla hujaenda kituoni angalia droo zote, na boksi la viatu, na mifuko ya makoti yake, hasa lile alilokuwa anavaa akisafiri. Wanaume wanaacha risasi mbili tatu humo.